Bunduki iliyokwama Vietnam: kosa lilikuwa la nani?

*Askari walilaumiwa kwa uchafu. Uchunguzi wa Bunge la Marekani ukaonyesha kwamba chanzo kikubwa kilikuwa ndani ya risasi, na kwamba waliokuwa na uwezo wa kukiondoa walikuwa wanakijua.*

Na Mwandishi Wetu

MWISHONI mwa Aprili 1967, askari wa kikosi cha Marine cha Marekani walianza kupanda milima iliyo karibu na kambi ya Khe Sanh, si mbali na mpaka wa Vietnam na Laos. Kwenye ramani zao milima hiyo ilitajwa kwa namba tu: 861, 881 Kusini na 881 Kaskazini. Mapigano yaliendelea hadi Mei 11. Wamarekani zaidi ya 150 waliuawa.

Wengi wa askari hao walikuwa na silaha ngeni mikononi. Wiki chache kabla ya kupanda milima walikuwa wamenyang'anywa M14 waliyoizoea na kukabidhiwa M16, nyepesi na ya kisasa.

Baada ya mapigano, Marine mmoja aliandika barua nyumbani. Alieleza kwamba karibu kila mwenzao aliyekufa alikutwa na bunduki yake imefunguliwa pembeni, kwa kuwa alikuwa akihangaika kuitengeneza huku adui akimkaribia. Barua hiyo ikachapishwa na gazeti moja la New Jersey. Mei mwaka huohuo, James Howard, mbunge kutoka jimbo hilo, akaifikisha mbele ya Baraza la Wawakilishi.

Kwa nini bunduki iliyofaulu majaribio ilikuwa inakwama vitani? Swali hilo lilizua mvutano kati ya jeshi, viwanda, wabunge na askari wenyewe. Jibu lake linamhusu kila anayenunua, anayepima au anayetunza chombo kinachobeba uhai wa mtu.

Safari ya risasi moja

Ili kuelewa ugomvi huo, kwanza tuione bunduki ikifanya kazi.

M16 ilitokana na AR-15, iliyobuniwa na Eugene Stoner na wenzake katika kampuni ya ArmaLite mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1959 haki za kuitengeneza ziliuzwa kwa kampuni ya Colt. Ilikuwa na uzito wa takriban kilo tatu, wakati M14 ilizidi kilo nne, na risasi zake zilikuwa ndogo, hivyo askari angeweza kubeba nyingi zaidi.

Bunduki hii hufyatua kwa namna mbili. Ikiwekwa nusu otomatiki, kila triga inapovutwa inatoka risasi moja. Ikiwekwa otomatiki, risasi zinamiminika mpaka kidole kiachie. Vyuma vinavyotembea ndani ni vilevile kwa namna zote mbili, na vinaendeshwa na nguvu ya risasi yenyewe.

Baruti ikiwaka, gesi ya moto hukisukuma kichwa cha risasi mtutuni. Kabla hakijatoka mdomoni, sehemu ya gesi huponyoka kupitia tundu dogo lililotobolewa juu ya mtutu, ikaingia kwenye bomba jembamba na kurudi nyuma. Huko hukisukuma chuma kinachobeba komeo.

Chuma hicho kikirudi nyuma, komeo hujizungusha na meno yake yakaachia. Kikucha kidogo kilichong'ata ukingo wa ganda hulivuta ganda tupu kutoka kwenye chemba, nalo hurushwa nje upande wa kulia. Springi iliyobanwa ndani ya kitako hulirudisha komeo mbele. Likiwa njiani huchukua risasi mpya kutoka magazini, huisukumiza kwenye chemba na kujifunga tena.

Kwa mwendo wa risasi 750 kwa dakika, mzunguko huo wote hukamilika kwa sehemu nane za mia za sekunde.

Ndani ya muda huo mfupi kuna jambo moja ambalo halikubali haraka. Risasi inapolipuka, ganda lake la shaba hutanuka na kubana kuta za chemba. Hiyo ni faida, kwa sababu huzuia gesi isimrudie mpigaji usoni. Lakini ili ganda litoke, mgandamizo lazima ushuke kwanza ndipo shaba inywee. Komeo likifunguka mapema, kikucha kitavuta ganda ambalo bado limeng'ang'ania.

> Komeo likifunguka mapema, kikucha huvuta ganda ambalo bado limeng'ang'ania chemba.

Ganda husema lilipokwamia

Fundi wa silaha akiletewa bunduki iliyokwama hutazama kwanza ni hatua gani ya mzunguko haikukamilika.

Risasi mpya ikishindwa kupanda, macho huenda kwenye magazini: midomo iliyopinda, springi iliyochoka, mchanga ndani. Askari wengi Vietnam walizoea kujaza risasi 18 kwenye magazini ya risasi 20 ili springi isielemewe.

Komeo likirudi nusu njia, hushukiwa nguvu ya gesi au msuguano: bomba limeziba kwa masizi, au vyuma vimekauka bila mafuta. Likirudi mbele bila kujifunga, hutazamwa uchafu wa chemba na uchovu wa springi ya kitako.

Hitilafu iliyowatisha zaidi askari ilikuwa ganda kugoma kutoka. Kikucha huvuta, ganda halisogei, na mwishowe kikucha huchana kipande cha ukingo wa shaba na kurudi nyuma mikono mitupu. Ukiliangalia ganda la namna hiyo unaona ukingo wake umeliwa upande mmoja, kwa upana uleule wa kikucha. Nyuma yake komeo linakuja na risasi nyingine, ambayo haina pa kuingia.

Kwa hali hiyo, kuvuta koki na kupiga magazini hakusaidii. Dawa yake ni fimbo ya kusafishia mtutu, iliyoingizwa kwa mbele na kusukumwa mpaka ganda lidondoke. Ndiyo maana askari walitembea na fimbo hizo zikiwa zimeunganishwa tayari, wengine wakizifunga kwa utepe ubavuni mwa bunduki. Mtu aliyebeba silaha ya kisasa alilazimika kuzibua mtutu kwa fimbo katikati ya mapigano.

Ukingo ulioliwa unaonyesha mojawapo ya mambo mawili, au yote kwa pamoja. Ama chemba ina kutu na mikwaruzo inayoling'ang'aniza ganda, ama komeo linafunguka kabla ya wakati. Vietnam, yote mawili yalikuwepo.

Baruti iliyobadilishwa

Risasi za mwanzo za AR-15 zilijazwa baruti ya kampuni ya DuPont iliyoitwa IMR 4475, yenye chembe ndogo mfano wa vijiti. Stoner aliipanga bunduki yake kwa baruti hiyo: ukubwa wa tundu la gesi, uzito wa chuma kinachobeba komeo, nguvu ya springi.

Jeshi lilipoanza kununua kwa wingi, liliweka sharti kwamba kichwa cha risasi kitoke kwa kasi ya futi 3,250 kwa sekunde, yaani takriban mita 990. Ilikuwa vigumu kuifikia kasi hiyo kwa IMR 4475, katika uzalishaji mkubwa, bila mgandamizo kuvuka kiwango kilichoruhusiwa. DuPont ikajiondoa.

Mwaka 1964 jeshi likaidhinisha baruti nyingine, WC 846 ya kampuni ya Olin Mathieson, yenye chembe za mviringo. Haikuwa baruti ya kubahatisha. Aina hiyo ilikuwa ikitumika kwa miaka mingi, zikiwemo risasi za M14, na ilitoa kasi iliyotakiwa bila shida.

Ila haikuwaka kwa mtindo wa ile ya kwanza. Gesi ilipofika kwenye tundu la mtutu ilikuwa bado na nguvu kubwa zaidi, hivyo komeo lilisukumwa mapema na kwa kishindo. Mwendo wa bunduki ukapanda hadi kukaribia risasi 1,000 kwa dakika. Zile sehemu nane za mia za sekunde zikawa sita, na muda wa ganda kunywea ukapungua.

Kasi ikaleta hitilafu nyingine. Chuma kinachobeba komeo kiligonga mbele na kudunda, na wakati mwingine risasi ikashindwa kulipuka. Juu ya hayo, WC 846 ilichanganywa na chokaa, yaani kalsiamu kaboneti, ili kupunguza asidi inayobaki ndani ya baruti. Chokaa hiyo iliacha masizi magumu kwenye bomba jembamba la gesi.

Sharti la kasi ya risasi lilitimia, lakini bunduki haikupangwa upya ili iendane na badiliko hilo.

Kilichopimwa sicho kilichopelekwa

Hapa ndipo jambo linapouma.

Mkataba wa Colt ulidai kwamba bunduki zipimwe kabla ya kupokelewa, na kiwango cha juu cha mwendo kilikuwa risasi 850 kwa dakika. Kwa baruti mpya, bunduki nyingi zilivuka kiwango hicho. Colt ikalieleza jeshi kwamba kwa risasi hizo haiwezi kuhakikisha bunduki zitafaulu.

Hapo ilitakiwa baruti irudishwe kwenye uchunguzi au bunduki ifanyiwe marekebisho. Badala yake, Colt iliruhusiwa kupima bunduki kwa risasi zenye baruti ya zamani. Bunduki zikafaulu, zikapakiwa na kusafirishwa Vietnam, ambako askari walipewa risasi zenye baruti mpya.

> Bunduki zilifaulu kwa baruti moja, zikapelekwa vitani kupiga baruti nyingine.

Karatasi za mapokezi zilikuwa safi. Kila aliyezisoma ofisini angeamini kwamba bunduki haina tatizo, na kwamba lawama kutoka porini zina sababu nyingine.

"Hawasafishi"

Sababu hiyo nyingine ilipatikana haraka: askari wachafu.

Hoja hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Yalikuwa yameenea maneno kwamba M16 inajisafisha yenyewe. Bunduki zilipelekwa kwa wingi mwaka 1966 bila vifaa vya kutosha vya kusafishia. Fimbo zilikuwa chache na mafuta yanayofaa yalikuwa haba. Fundi wa Colt aliyetumwa Vietnam mwaka huo alirudi na taarifa kwamba hali ya utunzaji ilikuwa mbaya kupita kiasi.

Viongozi wa jeshi na kampuni walikuwa na ushahidi mwingine mkononi. Novemba 1965, kwenye mapigano ya bonde la Ia Drang, M16 ilifanya kazi vizuri na makamanda wakaisifu. Walihoji: kama ilifaa huko, kwa nini isifae kwingine, kama si uzembe wa mtumiaji?

Lakini askari huhitaji fimbo ili asafishe, na fimbo hazikuwepo. Huhitaji mafunzo, na wengi walipewa bunduki bila mafunzo ya maana. Zaidi ya hayo, baruti iliyoacha masizi mengi ilidai usafi wa mara kwa mara kuliko bunduki ilivyokusudiwa. Kazi ya askari iliongezwa bila yeye kuambiwa, kisha akalaumiwa kwa kutoitimiza.

Kulikuwa pia na suala la chemba. Vietnam ni nchi ya mvua na unyevu, na chuma kitupu huota kutu upesi. Mtutu wa M14 ulikuwa umetiwa kromi ndani. Bunduki za Kisovieti za ukoo wa AK, ambazo Tanzania tunaziita SMG, nazo zilitiwa kromi. M16 za mwanzo hazikutiwa. Kutu ikichimba vishimo vidogo kwenye chemba, hakuna usafi utakaovifuta.

Bunge laingilia

Mei 1967, Kamati ya Majeshi ya Baraza la Wawakilishi iliunda kamati ndogo chini ya Richard Ichord, mbunge wa Missouri. Wajumbe walisafiri hadi Vietnam, wakazungumza na askari, wakawahoji maofisa, wenye viwanda na Stoner mwenyewe. Stoner aliwaeleza kwamba bunduki yake ilipangwa kwa baruti nyingine, na kwamba badiliko la baruti lilipandisha mwendo wake.

Taarifa ilitoka Oktoba mwaka huo, na haikuficha maneno. Kamati ilisema mchangiaji mkubwa wa hitilafu ni risasi zenye baruti ya mviringo. Iliongeza kwamba kushindwa kwa maofisa wenye mamlaka kuchukua hatua juu ya risasi hizo kunakaribia uzembe wa jinai.

> Kamati ya Ichord: kushindwa kwa maofisa kuchukua hatua kunakaribia uzembe wa jinai.

Si wote waliokubali. Waliotetea baruti walisema kutu ya chemba na ukosefu wa vifaa ndivyo vilivyobeba uzito mkubwa, na historia imewapa haki kwa sehemu. Risasi za M16, za milimita 5.56, ziliendelea kujazwa baruti ya mviringo baada ya vita hivyo, na bunduki zilizorekebishwa ziliipiga bila balaa lile.

Kwa hiyo baruti yenyewe haikuwa sumu. Ubaya ulikuwa kuibadilisha peke yake na kuacha vingine vyote kama vilivyokuwa, halafu kuendelea kupima kwa ile ya zamani.

Marekebisho yalivyofanyika

Tiba haikuwa kitu kimoja, kwa sababu ugonjwa haukuwa mmoja.

Bafa ya kitako, kile kipande kinachopokea kishindo cha chuma cha komeo, ilibadilishwa kwa nyingine nzito zaidi yenye vizito vinavyoteleza ndani. Mwendo ukapungua na kule kudunda kukadhibitiwa. Mwaka 1967 chemba zikaanza kutiwa kromi, na baadaye mtutu mzima. Kiwango cha chokaa kwenye baruti kikapunguzwa.

Vifaa vya kusafishia vikapelekwa, pamoja na brashi maalumu ya chemba. Mwaka 1968 jeshi likatoa kijitabu cha katuni kilichochorwa na Will Eisner, msanii maarufu wa hadithi za picha. Kilimwonyesha askari kijana, kwa lugha anayoielewa, jinsi ya kuifungua bunduki, kuisafisha, kuipaka mafuta na kuikagua magazini.

Mpangilio wa bunduki ulibaki ule wa Stoner. Toleo lililorekebishwa, M16A1, likaenea jeshini, na ndugu zake bado wamo mikononi mwa majeshi mengi leo. Kama ubunifu wenyewe ungekuwa mbovu, bafa, kromi na brashi visingeuokoa.

Ulizeni kwanza nini kimebadilika

Kwa kuyafuatilia haya, mwandishi wa makala haya haoni sababu ya kulisimulia jambo la Khe Sanh kama hadithi ya bunduki mbovu, wala ya askari wavivu. Ni habari ya watu walioambiwa kwamba chombo chao kimepimwa, wakati kilichopimwa kilikuwa kitu kingine.

Ukikabiliwa na mashine iliyokuwa inafanya kazi na sasa haifanyi, swali la kwanza ni hili: tangu ilipofanya kazi vizuri, nini kimebadilika? Kwa M16 jibu lilikuwa limeandikwa kwenye nyaraka za mwaka 1964. Halikuhitaji maabara. Lilihitaji mtu mwenye cheo akubali kuziweka nyaraka hizo mezani pamoja na malalamiko ya askari.

Swali la pili ni kama dalili zinalingana na maelezo yanayotolewa. Uchafu unaweza kuligandisha komeo, lakini hauwezi kupandisha mwendo wa bunduki kutoka 750 hadi karibu 1,000. Aliyesema "hawasafishi" alipaswa kueleza kasi hiyo imetoka wapi.

Swali la tatu ni nani anaumia wakati uchunguzi unasubiriwa. Baruti iliidhinishwa mwaka 1964, na taarifa ya Ichord ikatoka mwaka 1967. Katikati ya miaka hiyo kila ofisi ilikuwa na sababu ya kungoja: kiwanda kilikuwa na mkataba, jeshi lilikuwa na vita, wizara ilikuwa na bajeti. Askari aliyekuwa mlimani hakuwa na nafasi ya kungoja, wala hakuwa na kiti kwenye kikao chochote.

Nchi zetu nazo hununua vitu ambavyo mtumiaji hawezi kuvikagua mwenyewe: silaha za askari, breki za mabasi, mashine za hewa hospitalini, dawa. Mikataba hiyo inahitaji masharti mawili yaliyokosekana kwa M16. La kwanza, kinachopimwa kiwe kilekile atakachokabidhiwa mtumiaji, pamoja na mafuta, risasi au vipuri vitakavyotumika kazini. La pili, sehemu yoyote ikibadilishwa, hata kama ni kwa nia njema, chombo kizima kirudi kwenye majaribio kabla hakijatoka ghalani.

Masharti hayo yaambatane na utaratibu wa kuyapokea malalamiko ya watumiaji kama ushahidi. Barua ya Marine mmoja ilisaidia kulisukuma Bunge kuuliza yale ambayo karatasi za mapokezi zilikuwa zimeyafunika kwa miaka. Isingelazimu barua hiyo kupita gazetini na bungeni ndipo isomwe na mwenye uwezo wa kusimamisha risasi zile. Ofisi iliyonunua bunduki ndiyo iliyopaswa kuwa ya kwanza kuisikia, na ya kwanza kuchukua hatua.